Mwendo wa Kutwa: Kutoka Mombasa Hata Nairobi

Zamani mtu akiulizwa mji fulani u mbali kiasi gani, hakujibu kwa maili wala kwa kilomita. Alijibu kwa siku. Mahali palikuwa mwendo wa siku mbili, au mwendo wa siku kumi, au mwendo wa kutwa, yaani mahali ambapo mtu akiondoka asubuhi hufika kabla jua halijatua. Kipimo hiki kilikuwa cha haki, maana kilihesabu mambo yote pamoja: miguu ya msafiri, mzigo wake, milima, joto na maji.

Nakuomba basi, msomaji, tukitumie kipimo hicho kuitazama safari moja unayoijua, au utakayoijua siku moja: safari ya kutoka Mombasa hata Nairobi. Kwa barabara kuu ni kadiri ya kilomita 480. Leo ni mwendo wa kutwa. Mtu hunywa chai ya alfajiri kando ya bahari, na jioni akavaa sweta katika mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Jambo hili limezoeleka hata halimshangazi mtu. Lakini njia yenyewe haikufupika hata shubiri moja. Ardhi ni ile ile, nyika ni ile ile, na jua ni lile lile. Ni nini basi kilichoitia safari ya mwezi mzima ndani ya siku moja? Na msafiri wa leo anawiwa nini na wale waliomtangulia?

Tuanze na misafara ya karne ya 19. Wakati huo Nairobi haukuwa mji. Palikuwa mahali penye maji baridi ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao, na jina la mji latokana na maji hayo katika lugha yao. Lakini njia ya kwenda bara ilikuwako. Wakamba waliijua vizuri, kwa kuwa walileta pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Misafara ya pwani nayo ilikwea kwenda bara, kila mpagazi akiwa na mzigo uliokaribia kilo 30 kichwani au begani. Kwa mzigo kama huo watu huenda kilomita 15 au 20 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe utaona kwamba kilomita 480 zilitaka karibu mwezi mmoja, ikiwa hapana ugonjwa, wala mvua, wala vita.

Usidhani kwamba watu wale walikwenda bila mpango. Kiongozi wa msafara alipanga safari yake kuliko dereva wengi wa leo. Alihesabu posho ya kila mtu kwa kibaba, akahesabu nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa na swali moja: kutoka maji haya hata maji yale ni mwendo gani? Maana nyuma ya vilima vya pwani ilianza nyika ya Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu, isiyo na mto wa kudumu. Humo msafiri alitegemea ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua. Mvua ikichelewa, ngurunga hukauka, na anayezitegemea huangamia. Tazama ramani uone jina la Maji ya Chumvi, si mbali na Mariakani. Jina hilo ni habari aliyoachiwa msafiri na waliotangulia: hapa pana maji, lakini hayafai kunyweka.

Mfano wa kiu hiyo tunao katika safari za Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai. Mwaka 1849 alikwenda Ukambani, na huko Kitui akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kikamba. Tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya kwa mbali. Mwaka 1851 alirudi tena, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu. Akatia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa majani. Fikiri jambo hilo, msomaji. Bunduki ndiyo iliyokuwa ulinzi wake, naye akaigeuza kuwa chombo cha maji, kwa sababu katika nyika ile kiu ilikuwa adui aliyemkaribia zaidi.

Jaribio la kwanza la kuifanya njia hii kuwa barabara lilifanywa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888. Mwaka 1890 kazi ya kukata barabara ya magari ya ng'ombe ilianza, nayo ikaitwa kwa jina la Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni hiyo. Mji mdogo wa Mackinnon Road, katika njia ya Voi, walichukua jina hilo hata leo. Lakini barabara peke yake haikutosha. Ng'ombe wa kuvuta magari walikufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na waliopona walihitaji maji mengi kuliko mtu. Barabara ilikuwako, wala siku hazikupungua sana.

Ndipo ilipokuja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na watu kadiri ya 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa na ajali. Wengi huzikumbuka habari za simba wawili waliowala wafanyakazi penye mto Tsavo mwaka 1898. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini idadi ya walioliwa imebishaniwa sana, na homa na kuhara viliua watu wengi kuliko simba wote. Hata reli nayo ilitii swali la kiongozi wa msafara. Katika nyika ya Taru maji ya wafanyakazi yaliletwa kwa gari la moshi kutoka nyuma, na gari la moshi lenyewe halikuweza kwenda bila kunywa. Kwa hiyo vituo vilipangwa kwa kufuata maji, na miji ikaota penye vituo. Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, ambao wachukua jina la Sultani wa Unguja wa wakati ule, ni kama ushanga uliotungwa katika uzi wa reli.

Barabara ya motokaa ilikuja baadaye, ikaufuata uzi huo huo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na changarawe. Kiangazi msafiri alifika mwekundu kwa vumbi kutoka utosini hata kiatuni. Masika magari yalikwama katika udongo mweusi unaonata, watu wakalala hapo walipokwama. Lami ilipotandazwa njia yote, katika miaka iliyofuata uhuru wa mwaka 1963, ndipo mwendo wa kutwa ulipokuwa jambo la kutumainiwa na mtu wa kawaida, mwenye motokaa au mwenye nauli ya basi.

Sasa tuipange safari hiyo pamoja, kwa hesabu ya darasani. Sisi tu karibu na ikweta, na jua letu hukaa juu saa 12 hivi, mwaka mzima. Saa hizo 12 ndizo mali yote ya msafiri wa kutwa. Tukiondoka Mombasa saa 12 asubuhi, na tukaenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 480 zataka saa 8. Wastani huo usiudharau. Njia hii hubeba shehena za bandari kwenda Uganda, Rwanda na kwingineko. Malori ni mengi, nayo hukwea polepole, maana kutoka pwani hata Nairobi ni kupanda karibu njia nzima. Tupumzike mara tatu, nusu saa kila mara. Hiyo ni saa moja na nusu. Jumla ni saa 9 na nusu, nasi twafika saa 9 na nusu alasiri. Zimebaki saa mbili na nusu kabla ya jua kutua. Hizo si za kupoteza wala si za kuharakishia. Hizo ni akiba. Tairi ikipasuka, mvua ikinyesha, au lori likifunga njia, akiba hiyo ndiyo italipa deni, nasi bado tutafika mchana.

Tusimame wapi? Kituo cha kwanza na kiwe Voi, kadiri ya kilomita 150 kutoka Mombasa. Tutakuwa tumekwisha kuivuka Taru kwa muda wa saa chache, mahali ambapo wapagazi walihesabu mafunda ya maji. Kituo cha pili na kiwe Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Kati ya Voi na hapo twapita Manyani, palipokuwa na kambi kubwa ya wafungwa wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, na twapita katikati ya hifadhi ya Tsavo iliyowekwa mwaka 1948, ambayo njia hii yaigawa sehemu mbili, mashariki na magharibi. Tembo huvuka kutafuta maji kama walivyofanya kabla hapajakuwa na reli wala lami. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilijengewa madaraja ili wapite chini yake. Hapo dereva na apunguze mwendo. Kituo cha tatu na kiwe Makindu au mbele yake kidogo. Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo huwalisha wasafiri wa dini zote bila malipo. Wazee wa watu hao walikuja kujenga reli, na mpaka leo mlango wao u wazi kwa mpita njia.

Kabla ya kuondoka, dereva na aangalie matairi, breki, taa, mafuta na maji ya mtambo. Na kila msafiri achukue maji yake ya kunywa. Huo ndio ukaguzi wa kiongozi wa msafara, ila vyombo vimebadilika. Dereva naye ni chombo. Macho yakianza kuwa mazito, hapana dawa ila kusimama. Kufungua dirisha na kuimba ni kujidanganya.

Hapa ndipo tunapofika penye jambo lenyewe, msomaji. Adui wa msafiri wa zamani alikuwa kiu. Kiu tumeishinda. Lakini palipoondoka kiu amekaa adui mwingine, jina lake haraka. Mtu aliyepewa siku moja mahali pa mwezi mmoja haridhiki. Ataka saa 5 mahali pa saa 8. Huyapita malori penye kona asipoona mbele, huenda usiku akisinzia, na njia ambayo haimwui tena mtu kwa ukosefu wa maji humwua kwa ukosefu wa subira. Ndiyo maana mwaka 2004 serikali ilianza kukaza sheria kwamba magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo yasipite kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda. Sheria hiyo haikuwekwa kwa kupenda kumchelewesha mtu. Iliwekwa kwa sababu ya makaburi.

Nawe usiseme kwamba hayo ni ya dereva, wewe ni abiria tu. Mpagazi katika msafara hakuwa kiongozi, lakini alijua maji yako wapi, na kibuyu kikipasuka alipaza sauti. Abiria naye ana ulimi. Akiona gari laendeshwa kwa wazimu, ni haki yake kusema, na ni wajibu wake pia, kwa maana waliomo humo ni wana wa watu.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Hawakuwa wakisifu uvivu. Watu wale walikwenda mwezi mzima kwa miguu, na mvivu asingefika hata Mariakani. Walisifu mwendo uliopimwa. Mwendo wa kutwa kati ya Mombasa na Nairobi ni urithi tulioachiwa na Wakamba walioitafuta njia, wapagazi walioikanyaga, Wahindi walioilaza reli, na watu wa nchi hii walioponda mawe na kutandaza lami juani. Kila mmoja alitupunguzia siku kadhaa, na wengi walilipa kwa maisha yao. Basi siku hiyo moja iliyosalia tuitumie yote, kutoka mapambazuko hata alasiri, tufike wazima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejitaabisha ili sisi tuwahi kufa.