Dereva Kijana wa Mikelenge na Sheria Kongwe

Kijana wa Mikelenge, mjini Kindu, nchini Kongo, agongeshapo gari lake la fahari, au pikipiki, iliyo chombo cha aghlabu ya vijana wa huko, hukabiliwa na sheria kongwe kuliko njia aliyopita. Ile imlazimuyo kila mwenye kosa kumlipa fidia aliyemdhuru, nayo ni kifungu cha 258 cha kanuni ya madai, ilitolewa tarehe 30 Julai 1888, ilhali motokaa ya Benz ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na kando ya mto Lualaba watu wakisafiri kwa mitumbwi na kwa miguu, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mwenye lakabu ya Tippu Tip, akiwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ajabu ni kwamba maneno yale, yaliyotungwa pasipo kufikiriwa injini, yangali yakitosha.

Baadaye reli ilifika Kindu, na shehena ikawa ya gari moshi na meli, hata magari yakakawia kuwa mengi. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 iliharamisha kuua au kujeruhi bila kukusudia. Ya barabara ikafuata mwaka 1978. Lakini kwa maoni yangu, lililobadili hali hasa ni bima ya lazima ya mwaka 1973, iliyokuwa mikononi mwa shirika la bima la taifa, SONAS, peke yake, hadi sheria ya 2015 ilipowafungulia wengine mlango: kwani mwenye bima hulipiwa nayo, bali asiye nayo, kifungu kile cha 1888 humdai yeye mwenyewe, na aghlabu jamaa zake ndio wachangao.