Uungaji anuwai: jeni moja, vipokezi viwili

Neno "mbadala" tumelitwika mengi: nishati mbadala, tiba mbadala, barabara mbadala. Mfasiri mwenye haraka akikutana na kazi ya seli ya kukata nakala ya jeni na kuiunga kwa namna zaidi ya moja, ataandika "uunganishaji mbadala" na kwenda zake. Tatizo ni kwamba kitu mbadala hungoja kile cha asili kikosekane. Ndani ya seli hakuna kinachongoja. Kila namna ya kuunga hutoa protini yake, na zote hutengenezwa, pengine katika seli ileile. Ndiyo maana napendelea "uungaji anuwai", kwa kufuata "bioanuwai" ambayo masikio yameshaizoea.

Ukataji na uungaji huo uligunduliwa mwaka 1977 na Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na kundi lake, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Walikuta kwamba maagizo ya jeni hayakuandikwa mfululizo. Viko vipande vinavyobaki, yaani eksoni, na katikati yake viko vya kutupwa, yaani introni.

Chukua jeni ya FLT1, yenye eksoni 30. Zikiungwa zote, hupatikana kipokezi kinachosimama kwenye seli za mshipa wa damu: kichwa nje, kiuno kimepenya utando, mkia ndani ya seli. Kichwa hudaka VEGF, protini inayoiambia mishipa ikue na ijitunze. Mkia hupeleka habari ndani. Lakini mara nyingine mtambo wa kuunga ukifika mwisho wa eksoni ya 13 haukati. Introni inayofuata husomwa kana kwamba ni maagizo halali, na baada ya amino asidi 31 tu linatokea agizo la kukoma. Kiuno na mkia vimeandikwa mbele zaidi, kwa hiyo havifikiwi. Kinachotoka ni kichwa kitupu, hakina pa kujishikiza, kinaingia kwenye damu. (Ndiyo, huu ni uungaji wa kutokuunga. Istilahi nzuri huvumilia hayo.)

Kichwa hicho bado kinadaka VEGF, ila hakina wa kumpa habari. Kondo la nyuma hukitoa kwa wingi. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston lilionyesha kwamba panya wenye mimba wakiongezewa kipokezi hicho, presha huwapanda na protini hutokea kwenye mkojo. Hayo ndiyo mawili anayoyatafuta muuguzi wa kliniki ya wajawazito anapofunga mkono kwa kipima presha na kuchovya kijiti kwenye kikopo cha mkojo: dalili za kifafa cha mimba.

Sasa kichwa hicho tukiiteje? Wakemia wana "mumunyifu", neno zuri kwa sukari iliyokorogwa kwenye chai. Lakini mwambie mwanafunzi "kipokezi mumunyifu", ataona kitu kilichoyeyuka kikaisha. Hiki hakijaisha, kimekosa nanga tu, kinazunguka na damu kikidaka VEGF kinayokutana nayo. Tuna kliniki tembezi, inayowafuata watu walipo. Naona "kipokezi tembezi" kinatosha, na mwenzake aitwe "kipokezi cha utando". "Mumunyifu" tuwaachie wakemia na chumvi yao. Mwenye neno bora alilete, ila asituletee "mbadala".