Taa za indiketa na hazadi katika magari yanayoundwa nyumbani: mambo ya kuzingatia

Uundaji wa magari kwa mikono ya mafundi wa ndani si jambo geni nchini. Shirika la Nyumbu lililopo Kibaha, mkoani Pwani, limejulikana kwa miaka mingi kwa kazi hiyo, na mwaka 2022 mchoraji vibonzo Masoud Kipanya alionyesha hadharani jijini Dar es Salaam gari dogo linalotumia umeme. Sambamba na juhudi hizo, wapo vijana na mafundi wa mitaani wanaounganisha chasisi, injini na bodi katika karakana zao.

Katika kazi hiyo injini na breki hupewa uzito mkubwa, huku mfumo wa taa za ishara ukiachwa hadi mwisho. Hata hivyo, gari lililoharibika usiku kando ya barabara kuu bila taa za tahadhari ni hatari kwa waliomo na kwa wanaokuja nyuma yake. Matawi ya miti ambayo madereva huyatandaza barabarani hayaonekani kwa mbali gizani.

Tofauti ya indiketa na hazadi

Indiketa huonyesha upande ambao dereva anakusudia kugeukia, na kwa kawaida hufanya kazi ufunguo unapokuwa umewashwa. Hazadi ni taa zilezile za pande zote mbili zinazomweka kwa pamoja kuashiria kuwa gari limesimama mahali pa hatari. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari zinataka hazadi iwake hata kama ufunguo umezimwa. Vilevile zinataka taa hizo ziwe na rangi ya kaharabu na zimweke kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Njia mbili za umeme

Kwa sababu hiyo, mfumo huhitaji njia mbili za umeme, kila moja ikiwa na fyuzi yake. Ya kwanza hupitia swichi ya ufunguo kwa ajili ya indiketa. Ya pili hutoka moja kwa moja kwenye betri kwa ajili ya hazadi. Swichi ya hazadi ndiyo inayochagua njia ipi ipeleke umeme kwenye flasha, yaani kifaa kinachokata na kuunganisha umeme ili taa zimweke.

Flasha nyingi zina alama zinazofanana: 49 ni mahali umeme unapoingia, 49a ni unapotokea kwenda kwenye taa, na 31 ni waya wa hasi. Kutoka 49a, umeme huenda kwenye swichi ya indiketa iliyo karibu na usukani, ambayo huugawa kushoto au kulia.

Kosa la kawaida ni kutumia swichi ndogo ya kuwasha na kuzima ili kuunganisha nyaya za kushoto na kulia. Kwa mpangilio huo hazadi haitawaka ufunguo ukiwa umezimwa. Aidha, swichi hiyo ikisahaulika imewashwa, dereva akitaka kugeuka kushoto taa zote nne zitamweka. Swichi sahihi ni ile yenye migusano kadhaa, ambayo hutenganisha pande mbili inapozimwa na kuziunganisha zote na 49a inapowashwa. Swichi ya namna hiyo hupatikana hata katika maduka ya vipuri vilivyotumika.

Hesabu ya mzigo

Globu ya kawaida ya indiketa ina wati 21, na ile ndogo ya ubavuni ina wati 5. Hazadi inapowaka, globu nne kubwa na mbili ndogo hufikisha wati 94, sawa na takriban ampea 7.8 kwa betri ya volti 12. Upande mmja wa indiketa hutumia wati 47, sawa na takriban ampea 3.9. Hivyo fyuzi ya ampea 10 hutosha kwa indiketa na ya ampea 15 kwa hazadi, pamoja na waya mkuu wa milimita za mraba 1.5. Fyuzi ikae karibu na betri, kwa kuwa kazi yake ni kulinda waya usiungue.

Bodi isiyopitisha umeme

Magari mengi ya kuunda nyumbani yana bodi ya faiba au mbao. Kila taa katika gari la aina hiyo inahitaji waya wake wa hasi hadi kwenye chasisi, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Hasi ikiwa dhaifu, umeme hutafuta njia kupitia taa nyingine, na dereva akikanyaga breki indiketa huwaka hafifu.

Kwa magari ya umeme yenye betri kubwa ya volti 48 au zaidi, inashauriwa kuwepo betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya taa, ili hazadi iendelee kuwaka hata betri kubwa inapokatwa kwa sababu ya hitilafu.

Dalili za hitilafu

- Indiketa ikimweka kwa kasi upande mmoja, mara nyingi globu moja imeungua au haigusi vizuri.
- Ikimweka kwa kasi pande zote baada ya kufungwa taa za LED, flasha ya zamani haipati mzigo wa kutosha. Ifungwe flasha maalumu ya LED.
- Taa zikiwaka bila kumweka, flasha imeharibika au si ya uwezo unaotakiwa.

Ukaguzi kabla ya kuingia barabarani

Kabla ya kugusa nyaya, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Kazi ikikamilika, hazadi ijaribiwe ufunguo ukiwa umezimwa, kisha indiketa ya kila upande ijaribiwe huku taa za usiku zikiwa zimewashwa na breki imekanyagwa. Katika sekunde 10, taa inapaswa kumweka kati ya mara 10 na 20.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inasimamia matumizi ya magari yote barabarani, na gari lililoundwa nyumbani halina msamaha. Wabunifu wanashauriwa kuwasiliana mapema na Kikosi cha Usalama Barabarani kuhusu ukaguzi, na na Mamlaka ya Mapato kuhusu usajili. Madereva nao wanakumbushwa kutowasha hazadi kwa maana ya kwenda moja kwa moja kwenye makutano, kwani anayeona taa za upande mmoja tu atadhani gari linageuka.