MATREKTA YA KONGWA

Kipupwe cha Dodoma kinapoingia mwezi Juni, na wenye magari makuukuu wakianza kuyasukuma alfajiri, hayakosi kutajwa matrekta ya Mpango wa Karanga. Katika nchi za theluji taabu hiyo ni kubwa zaidi: oili huwa nzito, na dizeli huganda kama samli. Kongwa adui alikuwa mwingine.

Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ujumbe wa John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulipendekeza kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa hapa kwetu. Kazi ilianza Kongwa mwanzoni mwa 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, hivyo yakanunuliwa yale yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Baadaye hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. (Kifaru kulima karanga!)

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na vumbi lake husaga chuma kama tupa. Pini za minyororo ya makatapila hulika. Vumbi likipenya kichujio cha hewa, pete za pistoni huisha, na injini huanza kula oili. Spea za trekta la aina moja haziingii katika la aina nyingine. Kabla mwaka 1947 haujaisha, thuluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa mabovu, na badala ya ekari 150,000 zilizokusudiwa zilipandwa kama 7,500 tu.

Wapo wasemao kwamba madereva Waafrika ndio walioyaua. Mimi sikubali. Mtu aliyefundishwa kwa haraka alikabidhiwa mashine iliyokwisha kuchoshwa vitani, akaambiwa ang'oe mibuyu. Kosa lilikuwa la walioagiza kabla ya kuupima udongo, wala hawakuwauliza Wagogo kuhusu mvua, ambayo ndiyo iliyozikausha karanga zenyewe kwa kutonyesha.

Mpango ulivunjwa Januari 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Sehemu ya mashamba yale ikageuzwa malisho ya ng'ombe, na ranchi ya Kongwa ipo hadi leo.