Kushindana na Saa

Ateremkaye kwa baisikeli kutoka Morningside, katika milima ya Uluguru, hata Morogoro mjini, hupumzisha miguu. Lakini iko baisikeli isiyo na friwili: gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka, upende usipende. Mteremko ule ungemtesa mwenye nayo. Mahali pake ni barabara tambarare, katika mbio za kushindana na saa.

Mbio hizo zilizaliwa na ajali. Tarehe 21 Julai 1894, huko Uingereza, farasi wa bibi mmoja alishtushwa na kundi la washindani. Wakaanguka mtaroni, na Bwana F. T. Bidlake miongoni mwao. Bibi akawashtaki kwa polisi, mbio za pamoja zikakatazwa. Ndipo Bidlake alipobuni njia nyingine: tarehe 5 Oktoba 1895 wapandaji waliondoka mmoja mmoja, kila mtu akipimwa kwa saa. Baadaye wakawa wakivaa nguo nyeusi na kuondoka alfajiri, mfano wa wevi, wala hawakuiba kitu.

Mwaka 1956 Ray Booty, juu ya baisikeli isiyo na friwili, alimaliza maili 100 kwa saa 3, dakika 58 na sekunde 28.