Siku, Saa na Jina la Ugonjwa

Barua ya daktari imekaa kwenye begi langu wiki ya pili sasa. Kila asubuhi naingia nayo ofisini hapa Machakos mjini, jioni narudi nayo nyumbani. Inasema figo zangu zimechoka, na kwamba karibuni nitaanza kusafishwa damu, dialisisi, mara mbili kwa wiki. Bosi wangu hajui. Mama anajua, na hanipi nafasi ya kupumua: "Mwambie huyo madam wako, mwanangu. Mficha maradhi kilio humfichua."

Methali siibishii. Lakini naona ilitungiwa watu wa nyumbani na mganga, watu ambao ukiwaambia watakuletea uji. Haikumfikiria mtu anayeweza kukuandikia barua ya kukuachisha kazi. Kwa hivyo nimekuwa nikisoma usiku, nijue hapa kwetu mwajiri amekuwa na haki ya kujua nini kuhusu mfanyakazi wake, na tangu lini.

Nilianzia kwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kubana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea nacho: jina, alama za vidole, aliyemwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Bila mwajiri kutia sahihi kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine kulikuwa taabu, na ukitoroka ulishtakiwa. Kipande hakikuandika magonjwa. Lakini kilifundisha somo moja baya: habari za mfanyakazi ni mali ya anayemlipa. Mfanyakazi alizibeba tu.

Kipande kilikwisha, somo likabaki. Kisha ukaja Ukimwi. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Rais Moi kuutangaza kuwa janga la kitaifa. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba shirika la ndege la nchi hiyo lilikosea kumnyima Jacques Hoffmann kazi ya kuhudumia abiria kwa sababu ana virusi. Kwetu, sheria ya aina hiyo ilikuwa bado.

Hapo ndipo nilipokutana na J.A.O. Ndivyo mahakama inavyomwita. Jina lake kamili lilifichwa. Alikuwa mhudumu wa mezani, weita kama tunavyosema, katika kampuni ya Homepark Caterers. Mwaka 2003 alikwenda Mahakama Kuu Nairobi akidai kwamba alipimwa virusi bila ridhaa yake, kwamba daktari alimpelekea mwajiri majibu, na kwamba alifutwa kazi kwa sababu hiyo. Walioshtakiwa waliomba kesi itupwe mapema. Mwaka 2004 mahakama ilikataa: mama huyu asikilizwe. Kesi iliisha mwaka 2008 kwa maelewano, akalipwa zaidi ya shilingi milioni 2.

Niliisoma mara mbili. Mimi nahesabu siku nikijiuliza niseme au nisiseme. J.A.O., kwa madai yake, hakupata hata nafasi ya kujiuliza. Wengine walimsemea.

Kesi yake ikiwa bado mahakamani, nchi ilianza kubadilika. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ndiyo apate kazi, na ikakataza kumfuta kwa sababu hiyo tu. Sheria ya Ajira ya 2007 ikakataza ubaguzi kazini kwa misingi ikiwemo ulemavu na hali ya virusi. Halafu Katiba ya 2010 ikapanua mlango: kifungu cha 27 kinataja hali ya afya, yaani hata figo zangu zimo. Cha 31 kinalinda mambo ya faragha yasidaiwe bila sababu ya msingi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kutoka kijisanduku cha shingoni hadi hapo, safari ni ndefu.

Basi ninyamaze? Hapo ndipo hesabu inanikamata. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inanipa, kwa mwaka, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara. Jumla 14. Dialisisi mara mbili kwa wiki ni safari 104 kwa mwaka, na kila moja hula karibu nusu siku. Tena sheria inataka nimjulishe mwajiri kwamba sitakuwepo na kwa nini, nilete na cheti cha daktari. Siri yangu inalindwa, sawa, lakini kiti kitupu kila Jumanne kitasema chenyewe. Nikinyamaza, ofisi itajitungia jina: mvivu, mlevi, anatafuta kazi kwingine.

Nikarudi tena kwa kipande na kwa J.A.O. Kote kuwili aliyeumia ni yule ambaye habari zake zilitembea bila yeye. Nikaona swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Si kusema au kuficha. Ni nani atakayesema, na kiasi gani.

Jana usiku niliandika barua ya kurasa moja. Inasema nina maradhi ya muda mrefu, daktari amethibitisha, nitahitaji asubuhi za Jumanne na Ijumaa, na kwamba naweza kufidia saa hizo jioni na Jumamosi. Imeambatana na cheti. Jina la ugonjwa halimo. Madam akiniuliza, nitamtazama kwanza nijue anauliza kama nani, kisha nitajibu mwenyewe.

Nimemsomea Mama kwa simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa hapo umeficha ama umesema?"

Nikamwambia nimesema zile siku, Mama. Figo bado ni zangu.