Neno "Milele" na Mgodi wa Macalder: Jamii ya Kikoloni na Swali la Mapinduzi Nyanza Kusini

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kenya inayohusu harakati za ukombozi umezoea kuyatafuta mapinduzi msituni. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, iliyochapishwa mwaka 1976, imekuwa kielelezo ambacho wahakiki wengi hukitumia kupimia kazi nyingine. Kwa kipimo hicho Nyanza Kusini huonekana kama nchi iliyolala, kwa kuwa haikuwa na jeshi la msituni wala majemadari. Makala hii inakusudia kukisaili kipimo hicho kwa kupitia sehemu moja, yaani Macalder, katika eneo la Kadem, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori. Hoja yetu ni kwamba upinzani wa eneo hili ulikomazwa na ahadi iliyoandikwa kisha ikavunjwa, na kwamba historia hiyo inamdai mhakiki azisome sheria, barua za malalamiko na unabii kwa makini yale yale anayoisomea tamthilia.

2.0 Kukua kwa Jamii ya Kikoloni

Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Muda mfupi baadaye Waingereza walifungua kituo cha utawala huko Karungu, kwenye ufuo wa ziwa, si mbali na Macalder, kabla ya kuhamia Kisii mwaka 1907. Kabla ya hapo mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo. Serikali mpya ilimweka chifu juu yao, akawa mkusanyaji wa kodi na mtafutaji wa vibarua.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyokuwa injini ya mfumo huo. Ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo zilipatikana kwa kuuza mifugo au kwa kwenda kufanya kazi mbali, katika mashamba ya walowezi, kwenye reli na bandarini Mombasa. Vita vya Kwanza vya Dunia viliongeza mzigo: vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Waliorudi walivikwa kipande shingoni kuanzia mwaka 1919, na mwaka 1920 wakaambiwa kwamba nchi yao sasa ni koloni. Hivyo jamii ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuungwa na kodi, kazi na karatasi kabla mgodi haujachimbwa.

3.0 Unabii na Malalamiko

Mwitikio wa wenyeji ulichukua sura mbili, na kila moja ilikuwa na fani yake. Ya kwanza ni ile ya Mumbo. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alieleza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani alimmeza, akamtapika akiwa hai, kisha akamtuma atangaze kuwa Wazungu watatoweka na watu waache njia zao. Ujumbe huo ulivuka hadi Nyanza Kusini na kushika mizizi zaidi miongoni mwa Wagusii, ambao walikuwa wameadhibiwa kikatili na majeshi ya Waingereza mwaka 1905 na 1908. Wajerumani walipoingia Kisii mnamo Septemba 1914 na Waingereza wakaondoka kwa muda, ilionekana kana kwamba unabii umetimia. Wenyeji waliupora mji. Adhabu iliyofuata ikawa kali. Hata hivyo, Mumbo hakufa, kwani serikali ilikuwa ingali ikiipiga marufuku dini hiyo mwaka 1954.

Sura ya pili ni ya wasomi wa shule za misheni. Mnamo Desemba 1921, huko Lundha katika Gem, Jonathan Okwiri na wenzake waliunda Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho watu walikiita Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Walidai kupunguzwa kwa kodi, kuondolewa kwa kipande na kufungwa kwa kambi za kazi. Gavana Edward Northey alilazimika kuwasikiliza mwaka 1922, na kodi ikashushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka 1923 Arkidikoni W. E. Owen alikigeuza chama hicho kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, na wanachama wakaapa kuchimba vyoo na kuua panya.

Wahakiki wengi wameyatazama mageuzi haya kama kuzimwa kwa moto. Hukumu hiyo ina ukweli, lakini inasahau jambo moja. Chama cha Owen kiliwazoeza watu kuisoma sheria na kuijibu kwa maandishi, na ujuzi huo ulihitajika upesi.

4.0 Dhahabu na Neno la Serikali

Mwaka 1930 serikali ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba maeneo ya wenyeji yametengwa kwa manufaa yao milele. Ikiwa sehemu yoyote ingechukuliwa, ardhi ya kiasi hicho ingetolewa badala yake, na Baraza la Wenyeji lingeshauriwa kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu walimiminika, na utafutaji ukaenea hadi Nyanza Kusini, ambako mgodi wa Macalder ulianza katika muongo huo huo. Mnamo Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria liliirekebisha sheria ile kwa ajili ya madini: sharti la ardhi badala likaondolewa, fidia ikawa ya fedha, na ushauri wa wenyeji haukuwa lazima tena.

"Milele" ilikuwa imedumu kwa miaka miwili tu. Owen alipinga, na huko London hata Lord Lugard, mmoja wa wajenzi wa ukoloni wenyewe, alilaumu. Athari yake haikuishia Nyanza. Katika nchi ya Wakikuyu, ambako ardhi ilikuwa imechukuliwa mapema zaidi, watu waliona uthibitisho kwamba hati ya serikali haiaminiki. Basi ni kosa kuitenganisha historia ya msitu na historia ya mgodi. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wafungwa wa Mau Mau waliletwa hadi visiwa vya Mageta na Saiyusi katika Ziwa Victoria. Na mwaka 1958 Oginga Odinga, mwana wa Nyanza, ndiye aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria kusema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa wangali viongozi wa watu.

5.0 Hitimisho

Je, Macalder ilifanya mapinduzi? Ikiwa mapinduzi ni kubadilika kwa walio madarakani, jibu ni kwamba ilichangia. Ikiwa ni kubadilika kwa mfumo wa umiliki, jibu ni gumu zaidi. Mgodi, ambao katika miaka ya hamsini ulitoa shaba chini ya Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, ulifungwa mwaka 1966. Mwaka huo huo Grace Ogot alichapisha riwaya yake kuhusu Wajaluo wanaovuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Lakini sheria ya madini ya mwaka 1940, iliyoyakabidhi madini kwa serikali, iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Ni katika sheria hiyo mpya tu ambapo jamii inayoishi juu ya madini ilitajwa kuwa na haki ya asilimia 10 ya mrabaha, na mchimbaji mdogo akatambuliwa.

Mhakiki anayehesabu bunduki pekee hawezi kuiona miaka hiyo 76, wala hawezi kueleza kwa nini mtu wa Kadem aliyekwisha kupata bendera aliendelea kuchimba mawe ya babu yake bila kutambuliwa na sheria. Fasihi ya ukombozi itakuwa na upungufu hadi mgodi upewe nafasi kando ya msitu, na neno "milele" lisomwe pamoja na tarehe zake.